Pemba ya Mama Mwadi

Keren Kabamba si mwoga wa kuzaliwa. Waulizeni watu wa kanisa lake pale Jette, watawaambia ndiye aliyemkimbiza mwizi wa baiskeli mpaka kwenye reli za tramu, amevaa viatu vya harusi, na baiskeli yenyewe haikuwa yake. Kwa hiyo nikisema mwanamke huyu aliwahi kutetemeka mpaka kijiko kikawa kinacheza ndani ya kikombe, msifikiri nawaletea habari za mtu wa kupigia panya kelele. Alikuwa na sababu. Sababu yenyewe ilikuwa tumboni mwake, na haikuwa imezidi ukubwa wa ndimu.

Tuanze na kazi, maana bila kazi hakuna kisa. Keren ni fundi wa maabara, mzaliwa wa Likasi kule Katanga, aliyekuja Brussels kusomea kemia akaolewa, akabaki. Kila asubuhi hupanda treni kutoka stesheni ya Kaskazini kwenda kwenye kituo cha utafiti kilichojificha katikati ya misonobari, upande wa Waflamani, Wabelgiji wasemao Kiholanzi. Huko kuna kinu cha nyuklia, na katika jengo la pembeni kuna kikosi kidogo kinachojaribu kutengeneza kitu ambacho ni nchi chache mno duniani zinazokitengeneza: mafuta ya vyombo vya angani vinavyokwenda mbali kabisa, kule ambako jua linaonekana nyota tu na vioo vya umeme wa jua havifai hata kuchaji simu.

Mafuta hayo si ya kumimina. Ni plutoniamu, lakini msiruke, si ile ya mabomu; ni ndugu yake wa tumbo moja mwenye tabia nyingine. Kazi yake ni kutoa joto. Unaiweka hapo, bila moto wala waya, inatoa joto mwaka hadi mwaka; mtoto atazaliwa, atasoma, ataoa, yenyewe bado ina joto, na joto hilo ndilo linalogeuzwa umeme wa chombo. Kazini kwao wanaiita shofaji, kama lile bomba la joto la nyumbani, na kila majira ya baridi lazima mtu mmoja aseme angeomba kidonge kimoja tu akaweke chini ya kitanda. Wanacheka kila mwaka. Watu wa sayansi hawachoki utani.

Lakini shofaji hiyo ina ubaya wake. Mionzi yake haipiti hata ngozi ya mkono. Ukiwa nje ya kioo haikufanyi kitu. Ole wako ukiila au ukiivuta puani. Chembe isiyoonekana kwa jicho ikishaingia mapafuni, hiyo imehamia, imepanga nyumba, haina habari ya kutoka. Ndiyo maana Keren hufanya kazi kwenye sanduku la kioo lenye glavu nene zilizofungwa ubavuni mwake: anatia mikono humo, anabana unga uwe vidonge, yeye mwenyewe yuko nje salama. Na ndiyo maana kuna sheria moja isiyo na mjadala. Mwanamke akijua ana mimba, anasema siku hiyohiyo, anaondolewa kwenye masanduku, anapewa kazi ya mezani. Hafukuzwi, hanuniwi. Keren aliijua sheria hiyo vizuri sana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya.

Sasa, Likasi nako wana sheria yao. Mimba changa haitangazwi. Unanyamaza, unaendelea na shughuli zako, mpaka tumbo liseme lenyewe. Keren na mumewe Dady waliidharau sheria hiyo mara ya kwanza. Dady, ambaye ni mtu wa kusukuma vitanda vya wagonjwa kwenye hospitali kubwa ya Jette, na ambaye siri haijawahi kulala kwake usiku mmoja, alisimama kanisani akatangaza, kwaya ikacheza, watu wakaleta nguo za mtoto. Mimba ikatoka. Mara ya pili waliwaambia watu wachache tu, wa karibu. Nayo ikatoka. Nguo za mtoto zilibaki kwenye sanduku juu ya kabati, na hakuna aliyethubutu kuliteremsha.

Mara ya tatu Keren alimwambia mtu mmoja peke yake duniani, mama yake, kwa simu, akiwa amejifungia bafuni.

"Keren, sikia," akasema mama Mwadi kutoka Likasi. "Mara hii funga kinywa. Hata Dady usimwambie. Ule bwana yako ni muntu muzuri, lakini kinywa yake haina mulango. Tumbo njo itasema yenyewe."

"Na kazi, maman? Kule kazini banatakaka tuseme."

"Bale bazungu bako na batoto babo. Weye uko na wako? Bon. Nyamaza."

Akanyamaza. Alijiambia ni majuma machache tu, avuke muda ule zilipotoka zile mimba mbili, kisha atasema. Sanduku la kioo halivuji, alijiambia, halijawahi kuvuja. Na mama Mwadi, ili kumtuliza kichefuchefu, akamtumia pemba kwa mkono wa msafiri: ule udongo mweupe ambao wajawazito hutafuna kidogokidogo. Udongo huo unauzwa hata mtaa wa Matonge hapa Brussels, lakini mama Mwadi haamini udongo wa dukani, anasema ni chokaa ya walimu. Wake aliuchimba kwa mkono wake mwenyewe, akausaga, akaufinyanga vijiti, akaukausha juani, akaufunga kwa gazeti na nailoni. Ulikuwa na harufu ya mvua ya kwanza ya Likasi. Keren alikuwa na kijiti kimoja kwenye mkoba kila wakati, anamega, anaweka ulimini, na moyo unatulia.

Siku ilipotokea ile balaa alikuwa akibana kidonge cha mwisho. Alichomoa mkono wa kulia kwenye glavu ya sanduku, akausogeza kwenye kipima mionzi kama kawaida, na kipima kikapiga ukelele. Si ule mlio wa kukohoa ambao mtu huupuuza. Ukelele. Kila mtu chumbani akaganda.

Wouter, msimamizi wa usalama, mtu mrefu ambaye hajawahi kuinua sauti, alifika na barakoa usoni. "Usiguse uso," akasema. "Usiguse chochote. Pumua taratibu."

Pumua taratibu! Keren alikuwa hapumui kabisa. Glavu ya sanduku ilikuwa imetoboka karibu na kidole gumba, tundu la ncha ya sindano, na chembe zilikuwa zimekaa kwenye glavu ndogo aliyovaa ndani. Walimvua, wakamwosha, wakampitisha tena kwenye kipima, wakamfuta puani kwa pamba. Mikono safi. Pua safi. Wouter akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema inaonekana hakuna kilichoingia, lakini kwa uhakika watapima choo chake na mkojo wake, kama ilivyo desturi. Akampa ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko, na chupa.

Kwenye treni ya kurudi Keren aliiweka ndoo miguuni, ndani ya mfuko wa duka la nguo. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo na hakumbuki aliuweka saa ngapi. *Nimekufanya nini*, alikuwa akisema moyoni. *Nimekufanya nini, mutoto wangu.*

Dady aliigundua ndoo chooni jioni ileile.

"Keren! Hii ndoo pa kyoo ni ya nini?"

"Ni ya kazi."

"Ya kazi namna gani? Kazi yenu inafika mpaka ku kyoo?" Akacheka mwenyewe, akafungua kifuniko, akachungulia, akakifunga. "Mi kule hospitali niko nabeba bya bengine kila siku. Sasa na ku nyumba?"

"Dady, wacha. Ni vipimo vya kawaida."

Akaacha, lakini alimtazama mkewe mara mbili. Mwanamke aliyemzoea angemrushia kitambaa cha vyombo. Huyu alikuwa amesimama katikati ya jiko, anatafuna kitu, macho yako dirishani.

Wiki iliyofuata simu ililia akiwa kwenye foleni ya mkate. Alikuwa daktari wa wafanyakazi, Dokta Lieve Goossens, mama wa makamo anayevaa miwani kwa kamba.

"Madame Kabamba, mkojo ni safi. Lakini kwenye choo tumeona kitu. Ni kidogo, na kwenye mashine kinaonekana palepale plutoniamu huonekana. Huenda si chochote. Nataka sampuli nyingine. Na lazima nikuulize. Una mimba?"

Watu walikuwa nyuma yake, mbele yake, mwenye duka alikuwa akimwuliza anataka mkate gani. Keren alisikia sauti ya mama yake: funga kinywa. Alisikia kwaya ikicheza. Aliona lile sanduku juu ya kabati.

"Hapana," akasema.

Mimi sitamtetea. Lakini nawauliza ninyi mnaotikisa kichwa: mmewahi kupoteza wawili? Mwenye hofu hafikiri mbele, anashika kile alichokishika jana. Alitoka dukani bila mkate.

Baada ya hapo hofu ikahamia nyumbani kwao rasmi. Keren hakumruhusu Dady ambusu mdomoni. Aliosha kikombe chake peke yake, akakiweka peke yake. Akikohoa aliangalia kiganja, kana kwamba ataiona ile chembe. Akipanda metro alisimama mbali na wanawake wenye vitoto vya mgongoni. Mara moja pale Molenbeek mtoto mmoja alimnyooshea mkono acheze naye, na Keren akashuka kituo kisicho chake. Alijua kabisa kwamba mtu haambukizi hivyo. Alikuwa anawafundisha watu kwamba mtu haambukizi hivyo! Woga hausomi, na ukisoma hauelewi.

Na zaidi ya yote alimkumbuka marehemu babu yake, aliyekuwa mchimbaji Shinkolobwe, nje kidogo ya Likasi, kwenye ule mgodi wa urani ambao jiwe lake lilisafirishwa mbali likawa bomu ambalo dunia nzima inalijua. Babu alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Watoto wa mtaani waliambiwa wasiokote jiwe la njano, hata liwe zuri namna gani. Keren alipochagua kazi yake, wajomba walimwuliza kama ana akili timamu. Akawajibu kwa majivuno kwamba babu alifanya kazi bila hata kitambaa cha pua, na yeye anafanya kazi nyuma ya kioo. Kwamba safari hii jiwe halitaua mtu, litapeleka chombo kwenye nyota. Sasa aliyakumbuka majivuno yale akaona aibu. *Jiwe limenifuata*, alisema. *Limepanda ndege likanifuata.*

Alichokuwa nacho cha kumtuliza ni pemba. Mwanzoni kijiti kimoja kilimtosha siku kadhaa. Sasa alimaliza kimoja kabla ya kufika stesheni ya Kaskazini, akafungua kingine. Akishindwa kula wali, alikula pemba. Akishindwa kusali, alikula pemba.

Sampuli ya pili ilirudi mbaya kuliko ya kwanza.

"Hili silielewi," akasema Dokta Goossens kwenye simu, na safari hii sauti yake haikuwa ya mtu anayetuliza wengine. "Kitu kikiingia mara moja, kila siku kinapungua. Chako kinapanda. Huenda kuna kilichobaki ndani kinaendelea kujitoa. Maabara inarudia kipimo kwa njia ndefu zaidi, ya uhakika, lakini itachukua muda na mimi sipendi kungoja. Njoo kesho kliniki, Auderghem. Tutaanza sindano ya kusafisha."

Usiku huo hakulala, na asubuhi Dady alimkuta ameshavaa koti, amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

"Unaenda wapi?"

"Auderghem. Kwa dokta."

"Na mi naenda," akasema Dady. Keren alifungua kinywa akatae, akaona uso wa mumewe, akakifunga. "Keren, mi siko mutoto. Haukule wali, unalia ku dushi, unanikimbia. Kama unakufa, uniambie. Kama umepata mwanaume mwingine, uniambie pia, nijue."

"Hakuna mwanaume."

"Bon. Basi twende."

Walibadilisha metro kituo cha Beekkant na hawakusemezana mpaka mwisho wa reli. Kliniki iko kwenye mtaa tulivu, karibu na pale msitu unapoanza. Kwenye chumba cha kungojea Keren alitia mkono mkobani, akamega pemba, akaweka ulimini. Akamega tena. Dady alikuwa anasoma tangazo la chanjo ya mafua kana kwamba atafanyiwa mtihani.

Ndani, sindano ilikuwa imeshaandaliwa kwenye trei. Wouter naye alikuwepo, amekuja na kipima chake cha mkono ili ampime Keren kabla na baada, na alimpungia mkono kwa unyonge. Dokta Goossens alivaa miwani.

"Nakueleza kwanza, kisha unaamua. Dawa hii hukamata plutoniamu kwenye damu, ikaitoa kwa mkojo. Ni nzuri. Lakini haichagui sana, hukamata na madini mengine ambayo mwili unayahitaji. Mtu mzima anavumilia. Mtoto aliye tumboni, hasa mdogo kabisa, anaweza kuharibika. Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya mumeo. Una mimba?"

Keren akaitazama sindano. Akisema hapana, mtoto atapigwa na dawa. Akisema ndiyo, atakuwa ameitangaza, na zile mbili zilitangazwa. Akikataa sindano bila kusema kitu, plutoniamu itabaki humo, pamoja naye, mlango kwa mlango. Kila upande aliogeukia kulikuwa na mtoto yuleyule anamtazama. Kijiko kikaanza kucheza ndani ya kikombe cha chai alichopewa mlangoni, akakiweka mezani.

"Ndiyo," akasema. "Niko nayo. Tangu kabla ya ile glavu."

Dady akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Keren. Unasema nini?"

"Nilikuwa naogopa, Dady. Nilikuwa naogopa kusema."

"Mimi? Uliniogopa mimi?"

"Kinywa yako," akasema Keren, akaanza kulia kwa sauti, kilio kilichokaa majuma mazima bila njia. Dady akaziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja viwili, mwanaume mzima, na machozi yakapita juu ya vidole.

Dokta Goossens aliisukuma ile trei mbali. Hakugomba, ingawa uso wake ulikuwa umegeuka rangi. Akachukua karatasi laini, akampa Keren ajifute, na hapo ndipo aliposimama ghafla.

"Usisogee. Vidoleni mwako kuna nini?"

Keren akatazama. Vidole vilikuwa vyeupe. Midomo nayo. Fikirini hiyo picha: fundi wa unga wa sumu, ana unga mweupe mdomoni, mbele ya mtu wa usalama. Wouter alikuwa ameshavaa glavu kabla hajaulizwa.

"Ni pemba," akasema Keren. "Ni udongo. Wa kwetu. Tunakula tukiwa na mimba."

"Unaula?" Wouter akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Na zaidi sasa, kwa sababu ya woga."

Ule mfuko wa nailoni ukatolewa mkobani, ukafunguliwa juu ya meza. Vijiti vinne vyeupe kwenye gazeti la Likasi. Wouter akawasha kipima chake, akakileta taratibu juu ya udongo. Tik. Akakishusha zaidi, karibu kugusa. Tik-tik, tik, tik-tik-tik. Haukuwa ukelele wa ile siku ya glavu. Ulikuwa mdogo, wa upole, hauna haraka. Lakini haukunyamaza.

Wote wanne walisimama wanasikiliza. Mimi nadhani hakuna hata mmoja wao atakayeusahau mlio huo, na Keren kuliko wote, maana aliuelewa kabla hajaelezwa.

Sindano haikupigwa. Kile kipimo kirefu kiliporudi, Dokta Goossens aliwaita tena akawasomea: plutoniamu hakuna, hata chembe, haijawahi kuwemo. Kilichokuwemo ni thoriamu na urani, vitu vya ardhini, kama vilivyoumbwa; na kimoja katika familia ya thoriamu hutoa mionzi inayofanana mno na ya plutoniamu yao, kipimo cha haraka kinaweza kudanganyika. Glavu ilitoboka, ndiyo, lakini Keren hakuvuta kitu. Aliyekuwa akiviingiza tumboni kila siku, zaidi na zaidi kadiri alivyoogopa, ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kutoka kwenye nailoni ya mama.

"Ni nyingi?" Dady akauliza.

"Si nyingi ya kunifanya nikate tamaa. Sehemu kubwa imepita ikatoka. Acha leo, kunywa maji, tutamwangalia mtoto kwa karibu. Mapigo ya moyo wake ni mazuri." Akavua miwani. "Na Madame Kabamba, ingekuwa plutoniamu kweli, ukanyamaza vile, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Unanielewa."

"Naelewa." Keren alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Dokta. Nilikula udongo uleule na zile mbili za kwanza. Mama alinitumia kila mara. Je, ndio uliozitoa?"

"Sijui," akasema Dokta Goossens. "Mimba nyingi hutoka bila sababu yoyote tunayoiona. Hakuna atakayeweza kukuambia ndiyo, na hakuna atakayeweza kukuambia hapana. Sitaki kukudanganya."

Jioni hiyo walipanga kumpigia simu mama Mwadi, na kila mmoja akamwachia mwenzake kuanza. Mwishowe simu ikalia yenyewe. Alikuwa mama, kwa simu ya picha, kitambaa kichwani, jiko lake la mkaa nyuma yake.

"Mutoto eko muzima? Na weye? Unakula? Dady eko pale? Basi siongei."

"Ongea tu, maman. Anajua," akasema Keren.

"Ah! Nilijua. Hauwezi kufunga kinywa. Bon, sikia, pemba imeisha? Mi nimekwisha kutayarisha ingine, muchungaji anasafiri kuya kule. Ile muzuri, nyeupe kabisa."

"Maman, ile pemba unachimbaka wapi?" Keren akauliza.

"Pale pa shamba, barabara ya Shinkolobwe. Iko shimo ya zamani. Bamama bote banaendaka pale. Juu ya nini?"

Akamweleza. Alieleza polepole, kwa maneno madogo, bila namba, bila majina ya kemia: kwamba lile jiwe la babu halikubaki mgodini, kwamba limo hata kwenye ule udongo mweupe, kwamba mashine ililia. Mama Mwadi hakumkatiza hata mara moja, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha, maana mama Mwadi humkatiza hata mchungaji. Uso wake kwenye kioo ulikuwa unasogea karibu, karibu, mpaka likabaki jicho moja na kipande cha kitambaa.

"Keren," akasema. "Bale babili ba mbele. Ni mimi?"

Dady aligeuza uso. Keren akamtazama mama yake, mwanamke aliyeshika jembe jua kali kumchimbia mwanawe udongo laini, akauchuja kokoto moja moja ili asivunje jino. Akaisikia hofu ile, akaitambua, kwa sababu ilikuwa yake, ile aliyokaa nayo majuma yote. Sasa ilikuwa imefika Likasi na inatafuta pa kukaa.

"Hapana, maman," akasema. "Dokta amesema haiko ile. Amesema hapana."

"Amesema vile kweli?"

"Amesema vile kweli."

"Aksanti Yesu." Mama akajifuta kwa pindo la kitambaa. Kisha akainuka, picha ikayumba, ikaonyesha dari. "Ngoja nivae biatu. Maman Régine hapa jirani eko na mimba, na ule binti wa kwaya, na mwingine kule ng'ambo ya reli. Bote nilibagawia."

Wakasikia mlango unafunguliwa, na sauti yake nje inaita, "Régine! Régine, weh, usikule!" Simu hakuikata. Keren na Dady walibaki wameketi, kila mmoja mkono wake juu ya tumbo la Keren, wakisikiliza nyumba tupu ya Likasi na sauti ya mama ikienda mbali, jina baada ya jina, mpaka mtandao ukakatika.